Kabati Lenye Watoto Wanne

Kiswahili cha vitabuni kina jina lake la droo: mtoto wa meza. Nililisoma chuoni nikalicheka. Silicheki tena. Nyumbani kwangu Kasese nina kabati lenye watoto wanne, nao hufunguka wakitaka wenyewe, na mbele ya wageni hawataki kabisa.

Chanzo ni mto Nyamwamba. Tarehe 1 Mei 2013 ulishuka kutoka Rwenzori ukisukuma mawe, ukapita Kilembe, ukaingia mjini. Wapo waliopoteza nyumba, na wapo waliopoteza watu; kwetu maji yaliishia kwenye vifundo vya miguu, kwa hiyo sina haki ya kulalamika. Ila sanduku la karatasi lilikuwa chini ya kitanda. Vyeti vyangu vya ualimu na kadi za kliniki za watoto vilitoka humo vimeshikana kama chapati za jana. Mei 2020 mto uliporudi, tulikimbia na sanduku kichwani. Tulipotua, mke wangu, Mama Masika, akasema hiyo ndiyo mara ya mwisho. Alitaka kabati la droo, zito, lenye miguu mirefu, ambalo mto ukilikuta utaona ni heri ulizunguke.

Mwenye akili angemwita fundi. Mimi nilisikia bei ya fundi, nikakumbuka kwamba shuleni niliwahi kusifiwa kwa useremala. Nilichotengeneza kilikuwa kigoda cha miguu mitatu. Sikujua wakati ule kwamba kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata kikiundwa na mlevi.

Mwaka juzi, Ijumaa moja ya Aprili, mvua ikinyesha, nikapanda takisi kwenda Bwera. Ijumaa ni siku ya soko pale jirani, Mpondwe, na mbao za Kongo huvuka mpaka pamoja na kila kitu kingine kinachoweza kubebwa. Muuzaji alinipokea kwa heshima zote.

“Papa, hii ni mvule.”

“Imekauka?”

“Papa! Kuliko samaki wa Katwe.”

Nikaugonga ubao kwa kidole kilichokunjwa, kama nilivyoona mafundi wakifanya. Ukalia “pu”. Nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Mpaka leo sijui nilikuwa nasikiliza nini. Nilinunua mbao sita, moja kwa kumi na mbili, futi 14 kila moja. Upande mmoja ulikuwa na unene wa inchi moja, upande wa pili inchi moja na nusu. Hiyo nusu nikaihesabu kuwa ni nyongeza.

Zilirudi Kasese juu ya Fuso lililopakia maharagwe. Njia nzima mbugani zilidondosha maji juu ya magunia. Tulipofika, dereva alishuka, akatazama maharagwe yake, akanitazama mimi. “Mwalimu, umenunua mbao au umenunua mto?”

Sitakuchosha na habari za randa niliyoazima wala msumeno uliokata kila mahali isipokuwa kwenye mstari. Ilinichukua wiki tano. Jirani yangu, mzee aliyewahi kufunga magogo kwenye mashimo ya mgodi wa shaba wa Kilembe, alikuwa akileta kiti chake kila jioni na kunitazama kimya. Siku ya mwisho alisogea, akanusa ubao. “Hii si mvule. Labda ni shemeji yake mvule.”

Lakini kabati lilisimama. Mama Masika akawapa watoto majina. Sisi Bakonzo humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa, na wavulana huwa na safu yao: droo ya juu akaiita Baluku, ya pili Bwambale, ya tatu Masereka, ya nne Kule. Kwa Kilhukonzo, Kule ni mtoto wa kiume wa nne tu, hana kosa. Jina lilipoingia kwenye Kiswahili ndipo matatizo yalipoanza.

Julai jua la Kasese likawaka. Mbao zikatoa maji ya Mpondwe, zikasinyaa. Juu ya kila droo kukabaki mwanya wa kupitisha kidole, na Baluku akawa anacheza ngoma kila lori likipita barabarani. Panya akahamia kwa Masereka, akazaa humo. Nikawa babu.

Nikachukua vipande vyembamba, nikavibandika kwa gundi juu ya kila droo hadi mwanya ukaziba kabisa, hata karatasi haipiti. Nilijipongeza. Mzee alifungua mdomo, akaufunga.

Oktoba mvua ikarudi.

“Ubao haurefuki, Mwalimu,” mzee akasema sasa, nilipokuwa nimeweka mguu mmoja kwenye kabati nikivuta kwa mikono miwili. “Unanenepa.” Akanionyesha kwa kidole: urefu wa ubao, kule nyuzi zinakoelekea, haubadiliki kwa kitu cha kusema, ila upana wake hunywa unyevu na kutanuka. Fundi humwachia droo nafasi ya kunenepa. Mimi nilikuwa nimeiziba kwa gundi. “Nimezuia mlima pale Kilembe usituangukie,” akaongeza, “na wewe umezuiwa na droo.”

Kwa sabuni na mateke, watatu walilegea. Kule hakulegea. Na humo Kule ndimo Mama Masika alimoweka hati ya mauziano ya kiwanja chetu cha Bwera, kwa sababu ndiyo droo imara kuliko zote.

Jumatatu moja akanipigia simu akiwa kiwanjani. Mpima ardhi amefika, jirani anadai mpaka wake unaanzia kwenye mwembe wetu, hati inatakiwa.

“Iko wapi?” nikauliza.

“Iko Kule.”

“Kule wapi?”

“Kule!”

“Bwera?”

“Baba Masika, usinichekeshe mbele ya watu. Kule!”

Nilipoelewa, salio lake lilikuwa limekwisha. Nikavuta. Kishikio kikatoka na skurubu zake zote mbili, nami nikakaa sakafuni nikiwa nimekishika kama kikombe cha chai. Tukaita vijana watano, tukaligeuza kabati. Zito lilikuwa kweli, hilo hakuna atakayelikana. Mgongo wake ulikuwa wa plaiwudi, niliougongelea kwa misumari midogo siku niliyokuwa na haraka ya kumaliza. Ni sehemu pekee ya kabati niliyoifanya kivivu, na ndiyo pekee iliyofunguka mara moja. Nikaingiza mkono kwa nyuma, nikaipata hati, nikapanda bodaboda.

Tangu siku hiyo kabati linaangalia ukuta, nasi twachukua vitu kwa mgongoni. Mama Masika ameutundikia kitambaa cha maua. Mgeni akiuliza, tunamwambia ni mtindo wa Kampala.

Mbao mbili zilibaki. Ni moja kwa kumi na mbili, futi 14, upande mmoja mnene kuliko mwingine, nazo zimelala chini ya paa la jikoni tangu mwaka juzi. Anayezitaka aje azichukue. Sasa zimekauka kweli.