Mtaalamu Kutoka Jirani: Mwongozo wa Kusafiri, Kununua na Kula Sikukuu Bujumbura

Hongera, umepata kazi nje ya nchi. Ndugu wameshatangaziana kwamba unakwenda ng'ambo, na shangazi mmoja amekununulia koti zito la mtumba. Lipokee, shukuru, liache kwa jirani. Bujumbura imekaa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na joto lake halimlazimishi mtu kuvaa kitu chenye zipu hadi shingoni.

Hata hivyo, ng'ambo ni ng'ambo. Kuna mpaka, kuna Kifaransa maofisini, kuna faranga, na kuna wenzako. Tangu CRDB na KCB zifungue benki huko mwaka 2012, mji umepata kundi zima la Watanzania na Wakenya wanaoitwa wataalamu wa kigeni. Wengine wako Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake ni hapo hapo. Wengine wako kwenye mashirika ambayo majina yake ni herufi tupu.

Mzungu akihamia Bujumbura hajui lolote, kwa hiyo anauliza. Wewe unajua karibu kila kitu: ziwa ni la wote, Jumuiya ni moja, Kiswahili kinasikika. Kwa hiyo huulizi, na hapo ndipo unapoumbuka. Mwongozo huu hautakuzuia kuumbuka. Utakusaidia tu kuumbuka kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Fika

Ndege ipo, lakini mtaalamu anayejiheshimu hupanda basi walau mara moja ili awe na la kusimulia. Ukitoka Dar unapita Dodoma, Singida na Kahama mpaka Kabanga. Ukivuka, uko Kobero. Hapo mambo mawili hubadilika bila mtu kukutangazia.

La kwanza, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Umepewa saa nzima ya bure, na utaitumia yote kwenye foleni ya mihuri. La pili, magari yanahamia kulia mwa barabara. Yanahama magari tu. Usukani haukupata habari. Gari nyingi ni zile zile za mtumba kutoka Japani zilizopitia bandari ya Dar, usukani kulia. Dereva akitaka kulipita lori, anachokiona vizuri ni mtaro. Ukikaa kiti cha mbele kushoto, wewe ndiye macho yake. Akikuuliza kama njia ni nyeupe, usijibu "nadhani".

Kutoka Bugarama mpaka mjini ni mteremko wa kona juu ya kona. Utaona baiskeli zenye mikungu ya ndizi zikishuka kwa kasi ya kutia lori aibu, na wenzao wakipanda mlima kwa kushika lori nyuma kwa mkono mmoja. Usipige picha ukaituma nyumbani na maneno "Afrika hii!" Wewe nawe si wa Uswisi.

Na usipange kuingia mjini Jumamosi asubuhi. Huo ni muda wa kazi za jamii: maduka yamefungwa, barabara zimetulia, wananchi wako na majembe na mafagio. Mgeni anayeburuta begi la magurudumu hutazamwa kama nguvukazi iliyochelewa.

Hatua ya 2: Elewa fedha, au kubali kutoelewa

Dola ina bei mbili. Ya kwanza imebandikwa benki. Ya pili haijabandikwa popote, na kila mtu anaijua. Mtaalamu mpya hutoa mhadhara kuhusu bei hizo mbili akiwa na glasi mkononi. Mzoefu hunyamaza, kwa sababu anakumbuka kwamba maduka ya kubadilishia fedha yalifutiwa leseni Februari 2020, yakaruhusiwa tena 2022, na kwamba Mei 2023 faranga ilishushwa thamani, dola moja ikaruka kutoka 2,000 na kitu hadi 2,800 na kitu. Kila aliyetabiri yatakayofuata alitabiri vibaya.

Akiba ya sikukuu usiilaze chini ya godoro. Juni 2023 Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 zinaondolewa, ikatoa siku 10 za kuzirudisha. Idi el-Hajj ilikuwa wiki tatu mbele. Ukiwa na godoro la namna hiyo, siku kama hiyo benki inajua ulichonacho, na mkeo anajua ulichomficha.

Hatua ya 3: Nenda sokoni

Mwenyeji atakuelekeza: "Ukifika soko kuu, kata kushoto." Utalitafuta sana. Soko kuu liliungua Januari 27, 2013, lakini kwenye maelekezo bado lina nafasi yake. Biashara ilitawanyika: Ruvumera, kwa Siyoni, Kotebu kule Ngagara, Kinama, Kamenge, Kinindo. Kufika huko kunategemea mafuta. Mwaka mbaya, na 2024 ulikuwa mbaya, magari hulala kwenye mistari ya vituo vya mafuta, na abiria husimama kwenye mistari ya magari ambayo yako kwenye mistari. Bajaji, pikipiki na baiskeli za abiria zilipigwa marufuku katikati ya mji Machi 2022. Nunua viatu vya kutembelea kabla ya kitu kingine chochote.

Anza na samaki. Unataka mukeke, mwembamba, wa kuchoma na kuzungushiwa vitunguu. Msogelee mama muuzaji, jikaze, sema:

"Habari za asubuhi, mama. Samahani, hawa samaki wamevuliwa lini?"

"Usiku wa leo, mukiriya."

"Na naomba kufahamu, bei yake ikoje?"

Mama anakutazama toka kichwani mpaka viatuni, kisha anamgeukia mwenzake: "Huyu anaongea kama redio."

Hapo hapo bei imepanda. Ruvumera, mtu anayesema "naomba kufahamu" analipwa kwa dola. Ongea kwa kifupi, pinga bei ya kwanza kwa kucheka, au nenda na jirani ukae kimya nyuma yake ukishika kikapu. Na usithubutu kumsahihisha Kiswahili. Mama huyo anaingia Kirundi, anatoka Kifaransa, anarudi Kiswahili, yote kabla hujafungua pochi.

Mchele ni suala la hisia. Mtaalamu wa Tanzania hubeba mchele wa Kyela maili zote hizo, huku tambarare ya Imbo, inayoanzia mlangoni mwa mji, imejaa mpunga. Ruhusa. Ila usimpakulie Mrundi ukamwambia "sasa huu ndio mchele". Atakula, atakushukuru, na hatakualika.

Nazi ni somo zito zaidi. Nchi hii ni ya michikichi; mawese ya Rumonge hayajawahi kumkosa mtu. Nazi inabidi isafiri kutoka pwani, na ikifika imechoka kuliko wewe. Itikise sikioni: ikichezesha maji, lipa; ikinyamaza, irudishe taratibu. Muuzaji akikuuliza unaifanyia nini, mwambie ya wali. Usimwambie ya maharagwe. Kwa Mrundi maharagwe ni chakula kamili kisichohitaji msaada, na atakuhurumia hadharani.

Sukari hununuliwa inapoonekana, si inapohitajika. Soda vivyo hivyo. Mwenye kreti ya Fanta sitroni ndani wiki ya sikukuu ana marafiki wengi, na wewe jitahidi kuwa mmoja wao.

Hatua ya 4: Soma kalenda vizuri

Kuna sikukuu za kula na sikukuu za maua. Julai 1 ni uhuru wa 1962: gwaride, ngoma, kula. Krismasi, mwaka mpya na Idi zote mbili, ambazo ni mapumziko ya kitaifa: kula.

Oktoba 13 ni ya maua. Anakumbukwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyepigwa risasi hapo mjini mwaka 1961, wiki chache baada ya chama chake cha UPRONA kushinda uchaguzi. Oktoba 21 ni ya Rais Melchior Ndadaye, aliyeuawa 1993 baada ya miezi mitatu tu madarakani. Aprili 6 ni ya Rais Cyprien Ntaryamira, aliyekufa 1994 ndege ilipotunguliwa Kigali. Mtaalamu mpya huona "mapumziko" kwenye kalenda, akamtumia bosi ujumbe wa "sikukuu njema" wenye puto tatu. Hapa utani na ukae pembeni: familia nyingi za mji huu zina watu wao wa kuwakumbuka siku hizo, na wengine ambao hawakupewa siku. Salimia, nyamaza, na usimuulize mtu kabila lake, siku hiyo wala nyingine.

Hatua ya 5: Kula Idi Buyenzi

Unaweza kuswali Idi popote, lakini kula ni Buyenzi. Ni mtaa wa barabara zenye namba, misikiti, na mafundi magari wanaoweza kulifufua gari lililokwisha kuzikwa. Wazee wa mtaa huu wana asili katika misafara ya biashara ya karne ya 19, ile ya Ujiji, Manyema na pwani, na Waswahili wa hapa walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono Rwagasore mapema. Kwa hiyo sentensi inayoanza na "sisi kule pwani" iache mlangoni pamoja na viatu. Wao wanajua pwani. Babu zao waliondoka huko kwa miguu.

Kujua kama mwezi umeandama, una vyanzo vinne: msikiti, redio, kundi la WhatsApp la ukoo, na wavuvi. Cha tatu ndicho kitakachokuharibia usiku, kwa kuwa Dar watakuwa na rai zao mbili na Unguja ya tatu. Cha nne hakibishani. Wavuvi wa ndagala, dagaa wa hapa, huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi huwavurugia kazi. Giza la mwezi mwandamo ndilo msimu wao. Ndiyo maana Idi el-Fitr huangukia siku nzuri za ndagala, na Idi el-Hajj, ikiwa siku ya 10 ya mwezi, huja mbalamwezi imeshanenepa na ndagala wameadimika. Lakini siku hiyo una mbuzi. Huna haki ya kulalamika.

Pika zaidi ya unavyodhani. Jirani asiye Mwislamu atakuja, atakaa, na atataka maelezo ya kila bizari. Azima viti siku tatu kabla, kwa sababu siku mbili kabla vimeshaazimwa. Nyumbani piga simu ya video baada ya kula, usipige kabla: ukiona sinia la mama yako wakati tumbo ni tupu, utasema maneno ya kuomba uhamisho.

Hatua ya 6: Krismasi, mwaka mpya na ufukwe

Ukialikwa kwenye karamu, jua kwamba kuna hotuba. Wenyeji watagawa vinywaji, Primus kwa anayetumia na Fanta kwa asiyetumia, halafu mzee atasimama. Atashukuru kuanzia kwenye ukoo. Akimaliza, upande wa pili utajibu. Ukidhani yameisha, wote watakugeukia wewe: mgeni naye aseme neno. "Asante kwa chakula" si neno. Andaa dakika tano zenye ng'ombe ndani yake, na hutakosa mwaliko mwakani.

Usiahidi kuleta ngoma. Ngoma ya kifalme ya Burundi imo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2014, na amri ya Oktoba 2017 iliwakataza wanawake kuipiga na kutaka kibali na malipo kwa shughuli za binafsi. Kwa kipaimara cha mtoto, spika inatosha.

Januari 1 mji wote huhamia ufukweni. Nenda asubuhi, maana ziwa lilipofurika mwaka 2024 lilimeza sehemu za fukwe, na mchanga uliobaki una wenyewe. Ondoka kabla ya giza, maana viboko nao wana sikukuu yao, na huianza jioni kwa kupanda kula majani hadi karibu na nyumba za watu. Kiboko haombi bei wala hapunguzi.

Mgeni wako akitaka historia, mpeleke Mugere, kusini mwa mji, kwenye jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na mwaka 1871. Mwongoza watalii anaweza kumwambia ndipo walipokutana. Kama unatoka Kigoma, damu itakuchemka, kwani walikutana Ujiji. Hapa walipita tu wiki chache baadaye. Meza mate. Piga picha. Kabishane Kigoma.

Hatua ya 7: Rudi nyumbani na zawadi

Kahawa ya Burundi ni nzuri kweli. Nunua iliyosagwa, la sivyo itakaa kabatini mpaka mjukuu azaliwe. Ndagala wakavu ni wa hatari: mtu wa Kigoma atakuambia ni dagaa wa kwao waliopotea njia.

Kitenge ndicho mtihani wenyewe. Utakichagua kwa saa nzima, utakilipia bei ya ugenini, utakibeba siku mbili kwenye basi magotini. Shangazi atakipokea kwa vigelegele. Kisha atageuza pindo, atasoma maandishi, na atakutajia mtaa wa Kariakoo, rangi ya mlango wa duka, na bei aliyoulizia juzi. Wafanyabiashara wengi wa Burundi hujazia mizigo yao hapo hapo Kariakoo. Kitenge chako kimekwenda Bujumbura na kurudi, nauli juu yako.

Mwakani fanya kitaalamu. Waombe ndugu orodha mapema, uteremke Dar, uingie Kariakoo moja kwa moja na begi lako, ununue vyote, ung'oe vibandiko vya bei, ndipo upande gari la nyumbani. Risiti chana.