Nyigu wa Kitaliano na Mkwe Wangu

Vespa yangu ilitoka kiwandani mwaka 1984. Mke wangu amezaliwa mwaka huo huo, na ameshanikataza kuwataja pamoja mbele ya wageni tangu siku niliyosema kwamba mmoja wao bado anawaka kwa kiki ya kwanza. Wallahi haikuwa kweli hata kwa vespa.

Kwetu Unguja chombo hiki hakihitaji kutambulishwa. Asiyekuwa nacho, alikuwa nacho baba yake au mjomba wake, na ana kisa. Jina lake ndilo ambalo wengi hawajaliuliza maana. Vespa kwa Kitaliano ni nyigu. Inasimuliwa kuwa Enrico Piaggio, mwenye kiwanda, alipokiona kimebana kiuno na kusikia kinavyovuma, ndivyo alivyokifananisha, jina likaganda. Mwaka 1948 wakatoa cha magurudumu matatu wakakiita Ape, yaani nyuki, na huyo ndugu zetu wa Mombasa wanampanda kila siku kwa jina la tuktuk. Wadudu hao tunawajua. Nyuki akikuuma mara moja basi tena, na nyuma ameacha asali. Nyigu anauma, anapumzika, anauma tena.

Aliyekibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, na pikipiki alikuwa hazipendi: zinachafua nguo, mnyororo unarusha grisi, kubadilisha gurudumu ni adhabu. Vita vilipokwisha, kiwanda cha Pontedera kimebomolewa kwa mabomu na ndege za vita hazina mnunuzi, akachora chombo kisicho na mnyororo, injini imefichwa ubavuni, gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja kama la ndege, na mbele ya kiti pameachwa wazi ili mtu apande bila kurusha mguu. Hiyo ilikuwa 1946. Aliwafikiria kinamama wa Italia na sketi zao. Hakujua kwamba amemshonea chombo mwanamume wa Unguja na kanzu yake.

Kwa hiyo sitaki kuwasingizia Wataliano. Chombo cha miaka arobaini kilicholala nje kikila chumvi ya bahari, kaskazi na kusi, kina haki ya kukohoa. Mwenye kasoro ni mimi. Nasomesha hesabu, na mwenye kusomesha hesabu hujiona hakuna kisichopigika. Vespa ikizima, akili yangu haiendi kwenye kitu cha bure wala cha shilingi elfu mbili. Inaruka moja kwa moja hadi kwenye kile cha kuagizwa nje kwa meli.

Fundi wangu, mzee wa Ng'ambo anayefanyia kazi chini ya mwembe, alishanipa kanuni siku ya kwanza. "Moto, mafuta, hewa, maalim. Kwa utaratibu huo huo." Maana yake: fungua plagi, iweke juu ya chuma cha injini, piga kiki, tazama cheche. Cheche ipo? Nenda kwenye mafuta. Mafuta yapo? Ndiyo uulize hewa. Mimi kanuni niliiandika ubaoni kichwani mwangu, nikaifuta siku ile ile.

Ramadhani moja vespa ilinizimia hatua mia tatu kutoka nyumbani, mbele ya baraza la watu wasio na kazi nyingine mpaka magharibi. Niliisukuma kurudi, nikatangaza kwamba ni kabureta. Nikachukua sinia la mke wangu, lile kubwa la kupakulia wali, nikamwaga juu yake viungo vyote: boya, sindano, chemchemi, vijiskurubu, na ule mnara mdogo wa vitundu, juu pameandikwa 160, katikati BE3, chini 100. Kila kitundu nilikielekeza juani nikachungulia kwa jicho moja. Vilikuwa safi kama meno ya mtoto. Nikavisafisha hivyo hivyo, maana mtu akishafungua kitu hawezi kukifunga bila kukitia adabu.

"Leo futari ya petroli," alisema mke wangu akipita.

Alasiri fundi akaja kwa miguu. Hakutazama sinia. Aliingiza mkono chini ya kiti, ikasikika *tik*, kisha akakaa kivulini. Pale chini ya kiti kuna koki ya mafuta yenye herufi tatu: A, C, R. Aperto, chiuso, riserva. Wazi, imefungwa, akiba. Mimi mwenyewe usiku niliiweka kwenye C, kwa ushauri wa mtu kwamba koki ikiachwa wazi na sindano ya boya imelika, petroli itashuka usiku kucha mpaka injini ilewe. Ushauri mzuri. Upungufu wake ni kwamba asubuhi lazima ukumbuke. Petroli inayobaki kwenye kabureta inakutosha kuwasha, kuaga, kutoka mtaani kwa mbwembwe, na kufika pale wanapokaa wanaokujua.

"Nikupe ngapi, fundi?"

"Unilipe nini, maalim? Nimekufungulia mlango tu."

Mkasa wa oili sikuufanya peke yangu. Injini hii hulainishwa kwa oili unayoichanganya na petroli, mililita 100 kwa lita 5. Ikipungua, pistoni inang'ang'ania silinda na gurudumu la nyuma linafunga ghafla; ikizidi, unafuka kama tanuri la chokaa. Asubuhi nilipima mililita 100 nikatia kwenye dumu. Mwanangu akaliona dumu, akajua baba ni msahaulifu, akatia 100. Shemeji yangu alikuja kuazima chombo, akaona si adabu kuazima bila kutia chochote. Wote watatu tulipima kwa uangalifu mkubwa. Nilipowasha, mtaa ulifunga madirisha. Bibi mmoja alitoka akifunika pua kwa ncha ya kanga, akauliza kama ndiyo dawa ya mbu ya serikali, na kama ndiyo, nipite na chumbani kwake. Plagi niliyoitoa ilikuwa nyeusi na imelowa kama kokwa ya ubuyu.

Ya gurudumu nitasema kwa ufupi kwa kuwa ilikaribia kuniondolea meno. Rimu ya vespa ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja. Kuna nati tano zinazolishika gurudumu kwenye ngoma ya breki, na kuna nati nyingine zinazoshika kipande kwa kipande. Unayetaka kubadilisha tairi, toa upepo kwanza, wote, ndipo uziguse hizo za pili. Mimi nilizigusa upepo ukiwamo. Paka wa mtaa mzima walihama mpaka siku ya pili.

Lakini haya yote yalitokea nyumbani, mbele ya watu wanaonisitiri. La Michenzani halikuwa na stara.

Waya wa klachi ulinipa notisi mapema. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika pale kwenye mkono wa usukani, kisha tatu, kisha tano, na mimi nikizihesabu kila asubuhi kama mtu anayehesabu mvi. Bei ya waya mpya haizidi sahani ya biriani. Biriani nilikuwa nakula.

Ijumaa ile kulikuwa na nikaha baada ya sala ya alasiri. Anayeolewa ni binti wa marehemu kaka yake mkwe wangu, na yeye mkwe ndiye walii. Bila yeye kadhi na bwana harusi wangebaki kutazamana. Gari lilichukuliwa na wanawake, ambao, kama ijulikanavyo, huanza safari ya harusi asubuhi. Mzee akanipigia simu: "Mwanangu, nipitie hapa kwenye kiplefti." Anakaa kwenye yale majumba marefu ya Michenzani. Nikavaa kanzu iliyopigwa pasi mara mbili, kofia ya kazi ya mkono, nikaing'arisha vespa mpaka inaona haya.

Nilipokuwa natokea Kariakoo nikishusha gia ya tatu kuingia ya pili, nilisikia *tap*. Mkono wa klachi ukalegea kama mkono wa pweza aliyekwisha kupigwa.

Bila klachi vespa inakwenda. Gia zinabadilika ukipunguza moto na kubembeleza. Hata kusimama inasimama. Isichokiweza ni kuondoka tena, ila mtu aisukume mbio kisha airukie, na mimi nilikuwa na kanzu. Nikakata shauri: sisimami. Mbele yangu kuna kiplefti, na kiplefti hakina mwisho.

Mkwe alikuwa amesimama ukingoni, kanzu nyeupe, bakora mkononi.

"Shikamoo Baba!" nikapita.

"Marahaba!" niliipokea mzunguko wa pili. "Mbona hu—"

"Klachi, Ba—" huo wa tatu.

"—imefanyaje?" wa nne.

"Imekatika!"

Kumpita mkwe bila kusimama ni utovu wa adabu. Kumpita mara tano sijui kuna jina lake. Nilikuwa nikiinama kiasi kila nikimfikia, kwa heshima, na kila nikiinama vespa inayumba. Wacheza bao waligeuza viti. Kwenye vibaraza vya majumbani wakatokea wanafunzi wangu, wale wale ambao Jumatatu hawakujua saba mara nane, wakawa wanahesabu kwa sauti moja: "Tano! ... Sita!" Hesabu wanaiweza.

Walipotaja saba, vespa ikakohoa na kunizimia miguuni pa mzee.

Nilishuka kama askari wa zima moto. Nikafungua kifuniko cha ubavu wa kulia, nikakikumbatia kwapani, nikaanza kumweleza: hapana shaka ni kile kisanduku cha umeme, hakipatikani hapa, labda kuagiza, na kufika kwake ni wiki sita. Mkwe hakujibu. Alinipa bakora niishike. Akakusanya kanzu yake kwa mkono wa kushoto, akainama polepole, akaingiza mkono wa kulia chini ya kiti.

*Tik.* Riserva.

Hapo ndipo nilipokumbuka aliyowahi kuniambia mke wangu, kwamba baba yake alimposa mama yake na vespa. Nilidhani ni namna ya kusema.

"Sukuma," alisema, ameshakaa.

Nilisukuma. Mkono mmoja bakora, kwapani kifuniko, meno yameuma pindo la kanzu. Mzee aliiacha nyutro mpaka mbio zilipokolea, akazungusha mkono hadi gia ya pili bila hata kuinamisha kichwa, injini ikashika. Nikasimama nihemee, nikimngoja anipakie.

Lakini klachi haikuwapo kwake kama isivyokuwapo kwangu. Alizunguka kiplefti mara moja, mgongo umenyooka, kofia haikusogea, na alipofika nilipo alikuwa anakwenda kwa mwendo wa taratibu hata salamu ilitoka yote kwa utulivu: "Assalaam aleikum wa rahmatullahi wa barakatuh." Kisha akakunja upande wa mskitini, moshi wa samawati ukamfuata.

"Nane!" wakasema wanafunzi wangu.

Nilikwenda kwa miguu. Nilipofika mskitini vespa imeegeshwa kivulini, imefungwa mafuta kwenye C, na ndani watu wanapeana mikono ya heri. Nikaingia na bakora na ubavu wa vespa kwapani. Halua ilikuwa imeshapita.