Kiraka Chapanda Cheo

Mfarishi wa kisasa una tabaka tatu: uso wa viraka, pamba katikati na bitana chini, zote zikipigwa mashine pamoja zisihame. Fundi wa nyumbani hununua kitambaa kizima, hukikatakata, kisha hukiunganisha upya akiacha akiba ya mshono ya milimita 6 hivi. Akizidisha kidogo kila mshono, pembe hazikutani.

Masoro, kwenye ukanda maalumu wa kiuchumi wa Kigali, viwanda vya nguo hutoa vipande kama hivyo bila kukusudia, kama mabaki ya ukataji. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, ili wananchi wavae nguo mpya. Kiraka kikaaibika kwenye suruali. Kitandani kinaitwa sanaa, na bei yake haiulizwi na mvaa suruali yenye kiraka.