Misi Haipokei Hongo

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika magari ya zamani yanayofuata njia ya kale ya misafara, kutoka Manyoni hadi Tabora na kutoka Tabora kupitia Urambo kuelekea Kigoma, hakuna kinachotukanwa kuliko misi: ule mtetemeko wa injini ambayo silinda yake moja imegoma kuwaka, huku nyingine tatu zikihangaika kubeba mzigo wa nne. Dereva huilaani waziwazi, abiria huilaani kwa kuguna, na fundi huilaani moyoni baada ya kuahidi kwamba gari litakuwa tayari jioni. Mimi nashika upande wake. Nasema misi sugu ndiyo mamlaka adilifu kuliko zote zilizowahi kumsimamisha msafiri katika njia hiyo, kwa sababu moja ambayo adui zake hawawezi kuikanusha: haipokei hongo. Inataka ushahidi, na bila ushahidi haiondoki.

Sifa hiyo si ndogo ukiijua njia yenyewe. Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora, ulipofika Ugogo ulikuta watemi wakidai hongo ya vitambaa, shanga na waya kabla ya kuuruhusu kuteka maji na kupita. Mkuu wa msafara alilalamika, akapatana, akalipa, akaendelea hadi kwa mtemi mwingine. Ulikuwa utaratibu unaoeleweka: kila kizuizi kina bei yake. Mwenye gari la leo ameurithi utaratibu huo kikamilifu. Injini ikianza kumisi huenda duka la spea na kutoa plagi nne mpya. Isiporidhika, huongeza waya za plagi. Isiporidhika bado, koili. Kisha kofia ya distributa, kisha pampu ya mafuta. Mtemi yeyote wa Ugogo angekwisha kufungua njia zamani. Misi huviacha vitu vyote hivyo palepale vilipofungwa, vikiwa vipya na vinang'aa, na inaendelea kutetemesha gari. Tajiri mwenye boksi zima la spea hapati kwake upendeleo hata chembe kuliko maskini mwenye spana moja.

Wengine watasema huo si uadilifu bali ukaidi. Mkaidi, hata hivyo, hafungui kinywa, na misi inasema mchana kutwa. Ikija asubuhi ya masika na kupotea injini ikipata joto, inamwelekeza fundi kwenye unyevu ulioingia katika kofia ya distributa yenye ufa. Ikisumbua gari likiwa limesimama na kutulia likikimbia, inataja mpira wa hewa uliopasuka. Ikinyamaza gari likiwa tupu na kujitokeza likiwa na mzigo mlimani, inashuku koili au waya, kwa maana mgandamizo ukizidi ndani ya silinda cheche huhitaji umeme wenye nguvu zaidi ili kuruka. Tena hutoa somo la jiografia bure. Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Gari la kabureta lililosetiwa Dar es Salaam likifika huku hupata petroli nyingi kuliko hewa, plagi zikajaa masizi. Anayezibadilisha huona mpya nazo zikiwa nyeusi, kwani kosa halimo katika kifaa chochote; limo katika kipimo. Ushahidi huu wote hutolewa hadharani, na anayeukosa ni yule aliyekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza.

Bei ya kuusikiliza ni ndogo mno. Injini ikinguruma taratibu, fundi huchomoa waya wa plagi mmoja baada ya mwingine kwa koleo lenye mpini wa mpira. Akichomoa wa silinda inayofanya kazi, mngurumo hudhoofika. Akichomoa ule usioleta tofauti yoyote, mgomaji amepatikana. Plagi ya mgomaji huhamishiwa silinda ya jirani. Kosa likihama nayo, plagi ina hatia. Lisipohama, plagi imeachiwa huru na zamu ni ya waya, kisha ya nozeli. Nazo zikitoka salama, hupimwa mgandamizo. Ukiwa mdogo, hutiwa kijiko cha oili ndani ya silinda na kupimwa tena: kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechoka, kisipopanda, macho yageukie valvu au gasketi. Anayeruka hatua hizi hupata ushindi wa Waarabu wa Tabora. Mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Urambo alipoifunga njia ya Ujiji, waliondoka kwa kishindo pamoja na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta mmisionari Livingstone, wakateka vijiji vyake na kubeba nyara. Mirambo akawavizia wakirudi, na mwezi huohuo wa Agosti akaishambulia Tabora yenyewe. Stanley alifika Ujiji kwa kuzunguka kusini. Plagi mpya hutoa nyara za namna hiyo. Kwa kuwa hazihitaji umeme mwingi kama zilizolika, huweza kuificha koili dhaifu kwa muda, gari likaenda vizuri, mwenyewe akashangilia, hadi mlima unaofuata.

Itasemwa kwamba misi inachelewesha watu. Ni kweli, ila shtaka hilo lisiletwe Tabora. Mji huu ulikua kwa sababu misafara ilisimama hapa, wapagazi wakalipwa na wengine wakatafutwa. Livingstone mwenyewe alikaa Kwihara, jirani na mji huu, tangu Machi hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi wafike kutoka pwani. Itasemwa inapoteza petroli, inasafisha oili kwenye kuta za silinda na kuunguza ekzosi. Hayo huwapata wanaoendelea kuendesha, wakati misi ilitikisa gari zima tangu siku ya kwanza kuwaonya. Itasemwa kwamba kompyuta ya kusoma makosa imeshaizeesha. Katika gari lenye mfumo huo, msimbo P0303 hutaja silinda ya tatu. Hausemi kama tatizo ni plagi, koili, nozeli au valvu, na anayenunua koili kwa kuamini tarakimu amerudi Ugogo na vitambaa vyake. Shtaka moja tu silijibu: la mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Kitete. Huyo apandishwe gari lingine, sifa zitaendelea akishafika.

Wapo wanaojifariji kwamba siku za misi zinahesabika, kwa kuwa mota ya umeme haina silinda wala plagi. Huenda ni hivyo, na siku hiyo ikifika wapite kwenye duka la spea waone nani anahuzunika. Misi haikuwahi kudai hata senti; fedha zote zilizotolewa kwa jina lake zilitolewa na watu waliopenda kununua kuliko kuchunguza, nao watabaki na tabia hiyo na fedha hizo. Mota ya umeme nayo itaharibika kwa namna yake, na watakuwa wa kwanza kuipelekea betri mpya.