Heko Chenga, Msitiri wa Harusi Zetu

Watu wa Kisauni ni wepesi wa kulaumu. DVD ya harusi ikianza kutoa chenga, mpiga video hutukanwa, deki hupigwa makofi ubavuni, na diski hufutwa kwa upindo wa leso. Hakuna anayesema ahsante. Basi nazisifu mimi, maana sijaona kitu kilichositiri familia nyingi kwa ujira mdogo hivi.

Tuanze na kisutu, ile leso ya harusi. Dukani, nyekundu yake hukaa ndani ya mpaka wake. Kwenye DVD hupanda mkononi mwa shangazi, ikamwagikia ukutani. Na ukisogelea kioo utaiona imekatika ngazi ngazi. Waliobuni ubanaji wa picha za DVD walijua kuwa jicho la binadamu ni kali kwa mwanga, zembe kwa rangi. Kwa hivyo kila nukta nne za mwanga walizipa rangi moja, zigawane. Picha ina nukta 720 kwa 576. Rangi ni 360 kwa 288 tu. Robo! Bwana harusi angefanya ubahili huo kwenye mahari, wazee wangevaa viatu wakaondoka.

Hapo bado hujaongeza ubahili wetu. Diski ya gigabaiti 4.7 hubeba saa mbili hivi kwa raha. Sisi tuna nikaha, kupamba, pilau, na mjomba ambaye lazima ahutubie: saa sita. Diski ya pili ina gharama yake, basi "bana zote humo humo, mwanangu." Kila sekunde hubaki na theluthi ya riziki yake. Maharusi wakitulia kitini, picha hujikimu. Chakacha ikikolea, taa zikimulika na magauni yakimetameta, huvunjika vigae vigae.

Heri yenyewe ndiyo hiyo. Chakacha ile ni ya wanawake watupu, mabuibui yametundikwa. Lakini diski hutoka Mtopanga, ikaazimwa Changamwe, ikafika Muscat kwa mabinamu. Huko wanaume wakikodoa macho, wanaona vigae vya rangi ya chungwa vikizungusha kiuno kisichoweza kuthibitishwa. Hijabu gani nyingine hujifunga yenyewe pale pale kiuno kinapoanza?

Bangili za shaba na za dhahabu zimekuwa ndugu. Piko iliyochorwa ua kwa ua usiku kucha imekuwa glovu, na mchoraji aliyetetemeka mkono hatajulikana. Mawifi wakigombana nani kamuiga mwenziwe gauni, diski italionyesha kijani hapa na samawati pale, kesi ife.



Vijana wa simu wananicheka. Hawajui kuwa simu zao nazo, kwa kawaida, hugawa rangi kwa kipimo kile kile cha moja kwa nne. Nukta tu ndizo zimekuwa ndogo. Na klipu ikishatumwa WhatsApp, ikawekwa status, kisha mtu akairekodi upya kutoka skrini ya jirani, hata mamake bi harusi huuliza: "Na huyu aliyekaa katikati ni nani?"