Mwanga wa Noah na Joto la Vifaranga

Taa kubwa za gari, yaani zile mbili za mbele ambazo madereva huzigawa katika dimu, mwanga ulioinamishwa ili usimwumize anayekuja, na fulu, mwanga unaoachiwa uende mbali, ni kifaa ambacho mwenye gari wa Singida Mjini hakikumbuki hadi usiku anapopishana na lori la mizigo liendalo Rwanda au Kongo, akagundua kwamba taa zake mwenyewe, zikilinganishwa na za lori hilo, ni kibatari kilichosahauliwa dirishani. Hapo humwingia maradhi ambayo, kwa kukosa jina la kitaalamu, yanaweza kuitwa wivu wa mwanga.

Mgonjwa anayechunguzwa hapa alikuwa na Toyota Noah iliyotumika Japani, nchi ambayo magari yake, kama ya Tanzania, hupita kushoto, hivyo taa zilikuja zimekwisha kupangwa zimulike zaidi ukingo wa kushoto na kumsitiri anayekuja kulia. Balbu yake ilikuwa ya halojeni ya aina ya H4, ambayo ndani yake mna nyuzi mbili za metali ya tangsteni, mmoja wa wati 60 kwa ajili ya fulu na mwingine wa wati 55 kwa ajili ya dimu, na chini ya huu wa pili kuna kijibati chenye umbo la kijiko, ambacho kazi yake pekee duniani ni kuuzuia mwanga usiwapande watu usoni. Hakuna anayekisifu kijibati hicho, ingawa katika gari zima ndicho pekee kilicholelewa vizuri.

Fundi alizing'oa balbu hizo na kuweka za LED, ambazo hazina uzi unaowaka bali vidonge vidogo vya diodi vitoavyo mwanga mweupe unaoelekea ubuluu, pamoja na kifeni cha kuzipoza kisogoni. Kwa kuwa kifeni hicho kilikizuia kifuniko cha mpira kisirudi mahali pake, nyuma ya taa paliachwa wazi, jambo ambalo katika mji wenye upepo na vumbi kama Singida ni sawa na kuikaribisha barabara iingie ndani ya taa. Kasoro kubwa zaidi haikuonekana kwa macho: bakuli la taa linalong'aa ndani, liitwalo kiakisi, huchongwa kwa hesabu ya uzi uliokaa mahali pamoja mahususi, na diodi zikisogea milimita chache tu kutoka hapo, mwanga hutawanyika kama kuku waliofunguliwa banda. Majaribio, hata hivyo, yalifanyika kwenye ukuta wa karakana, mita chache kutoka kwenye bampa, na matokeo yalishangiliwa, kwa sababu ukuta haujawahi kumlalamikia mtu yeyote kwamba anaumizwa macho.

Safari ya kwanza ya usiku ilikuwa ya kutoka Manyoni kurudi mjini, zaidi ya kilomita 100, na kila gari lililokuja mbele lilimpigia fulu. Katika lugha ya taa ya barabara za Tanzania, kupigiwa fulu kuna maana kadhaa, mojawapo ikiwa ni onyo la hisani kwamba askari wa usalama barabarani wako mbele, na mwenye Noah, kwa kuichagua maana hiyo na kuishikilia, alishusha mwendo hadi kilomita 50 kwa saa na kuipita Ikungi kwa unyenyekevu wa bwana harusi, akiwashukuru kwa honi wote waliokuwa wakimtukana kwa taa. Majabali ya kandokando yalimulikwa hadi vileleni, ilhali mkokoteni wa punda usio na taa aliuona ukiwa karibu sana, kwa kuwa lami ya hatua chache mbele ya gari ilimeremeta kiasi cha kuzifanya mboni za macho zisinyae, na mboni iliyosinyaa haioni mbali. Mvua za kwanza zilipokuja na kumbikumbi wao, taa hizo zilipata mashabiki wa dhati, hata ikabidi asimame kila baada ya muda kufuta kioo cha mbele.

Fundi wa pili, ambaye hakuuza chochote, alipitisha kidole kwenye plastiki ya nje ya taa, iliyokuwa imegeuka manjano kwa miaka mingi ya jua, akaisugua kwa msasa laini wa maji kisha kwa dawa ya kung'arishia, na kutangaza kwamba zilizokuwa zikihitajika tangu mwanzo ni zile balbu za zamani.

Balbu hizo, kwa bahati mbaya, zilikuwa zimekwisha kuajiriwa kwingine. Sehemu kubwa ya umeme unaoingia katika halojeni hutoka kama joto, hasara kubwa kwa dereva lakini neema kwa mfugaji wa kuku wa kienyeji, na jirani aliyepewa bure alikuwa amezitundika kwenye boksi la vifaranga, juu ya betri kuukuu inayochajiwa na paneli ya jua. Mwenye Noah alipendekeza wabadilishane kwa LED, mpya kabisa. Jirani alizijaribu usiku mmoja. Asubuhi vifaranga walikutwa wamejikunja pembeni, wanatetemeka, wakionana vizuri sana, na balbu za zamani zikarudishwa juu yao, ambako ziliendelea kuwaka huku Noah ikisubiri kuku wakue.