Sifa za Mpira wa Bomba

Mpira wa bomba la maji la mkono la Afridev ni pete nyeusi inayoenea kiganjani mwa mtoto, yenye mfereji upande mmoja, iliyovishwa kwenye pistoni ndani ya silinda ya milimita 50. Kazi yake ni kubana ukuta wa silinda ili maji yasipenye pembeni pistoni inapopanda. Wajibu wake mkuu, hata hivyo, ni kuchakaa, na hakuna mtumishi wa umma anayeutimiza wajibu wake kwa uaminifu kama huo.

Cheo hicho haukukipata kwa bahati. Bomba la Afridev, lililoenea kote Malawi, lilitokana na Maldev, kichwa cha bomba kilichobuniwa nchini humo mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha likakomazwa kwenye visima vya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya. Waliolibuni walitaka wanakijiji walifungue wenyewe kwa spana moja. Bomba lisiloharibika halipo, kwa hiyo walikaa wakachagua kitakachoharibika kwanza: kiwe chepesi kufikiwa, kisiwaumize watu mfukoni. Mpira ukateuliwa kufa kwa niaba ya silinda.

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wapinzani wa Rais Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu 10,000 hivi. Sasa wamepita 50,000. Kuwakusanya Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wenyeji wa vijiji jirani alfajiri, bila posho wala soda, si kazi ndogo. Mpira uliolika huifanya kwa foleni ya madumu ya lita 20, na humo hutoa elimu ya ufundi bure. Maji yakichelewa asubuhi kisha yakatoka vizuri, kosa liko kwenye vali ya chini, inayoyaachia yarudi kisimani usiku. Yakitoka membamba hata mkono ukipigwa kwa nguvu gani, mpira umekwisha. Mama mwenye dumu la tano kwenye foleni huijua tofauti hiyo kabla fundi hajafika.

Fundi akifika hufungua mfuniko, hutoa mkono, huvuta fito moja baada ya nyingine (zimeshikana kwa kulabu, hazina nyuzi za kukaza), mpaka pistoni itokeze ikichuruzika. Mpira wa zamani huonekana umeng'aa upande mmoja, mdomo wake umelegea. Hapo ndipo mweka hazina wa kamati ya maji huombwa daftari. Bila mpira, mtu huyo angezeeka na heshima zake bila kuulizwa chochote.

Lilongwe, kwenye mabwawa ya kuogelea ya hoteli na ya nyumba za Area 43, anaishi binamu tajiri wa mpira huu: sili ya pampu ya umeme, nyuso mbili za kaboni na kauri zilizobanwa na springi. Huyu ni mwenye madaha. Pampu ikizunguka kavu dakika chache, sili imeungua. Maji yakianza kudondoka chini ya mota, beringi nazo zinahesabu siku. Pampu hulindwa na kikapu cha kunasa maua ya mjakaranda, na maji yakishapita pampu huingia kwenye chujio la mchanga, chombo kinachofanya kazi vizuri zaidi kikiwa kichafu kidogo, kwa kuwa uchafu huziba nafasi kati ya chembe. Anayeliosha kila siku hupata maji ya ukungu, na mvivu hupata maji maangavu, mpaka geji ya presha ipande. Ndipo maji hugeuzwa njia kuliosha, na mamia ya lita humwagwa. Dzaleka, kiwango kinacholengwa ni lita 20 kwa mtu kwa siku. Umeme ukikatika, kama ulivyopungua nchi nzima baada ya dhoruba ya kitropiki Ana kuharibu bwawa la kuzalishia umeme la Kapichira Januari 2022, bwawa la kuogelea hugeuka kijani kwa siku chache. Mpira wa Dzaleka hauna habari na mgao.

Mwongozo wa Afridev huagiza mpira ubadilishwe kila mwaka, hata kama haujalalamika. Kamati huona hiyo ni dharau kwa mtumishi ambaye bado anajikongoja, na humwacha kazini mpaka dumu moja lichukue robo saa.